Kabla hujamlipa kocha wa maisha
Ndugu yangu, umeuliza kama umtafute kocha wa maisha kwa sababu kila tabia mpya unayoianza, iwe kuamka mapema, kusoma au mazoezi, inakufa baada ya wiki mbili. Kwanza acha kujilaumu. Wiki mbili ni muda mfupi mno. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London, Uingereza, waliwafuatilia watu 96, wakakadiria kuwa tabia huzoeleka kwa wastani wa siku 66. Wapo waliohitaji 18, na wapo ambao ingewachukua hadi 254. Tena, kuruka siku moja hakukuwarudisha nyuma. Hilo linatia moyo sana.

Kwa hiyo chagua moja tu kati ya hizo tatu, uifunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku: nikishapiga mswaki usiku, nasoma kurasa mbili. Ndiyo, mbili tu. Ukiwa na nguvu ongeza, ukichoka mbili zinatosha.

Kocha anafaa ukihitaji mtu wa kukuuliza maswali magumu na kukudai ahadi zako. Ila katika nchi nyingi yeyote anaweza kujiita kocha bila leseni, basi muulize amesomea wapi, na omba kikao kimoja kabla ya kulipia miezi. Akikuhakikishia matokeo, mwache. Na kama kinachokukwamisha ni huzuni isiyoisha au kukosa usingizi, tafadhali anza kwa daktari au mshauri nasaha. Hiyo si kazi ya kocha.