Piga hodi kila kona: swali kutoka Montana

*Shikamoo Mjomba. Nilikulia kambini Nyarugusu, sasa tunaishi Missoula, Montana. Jirani wa kanisani ametualika mwezi wa nane twende Hifadhi ya Taifa ya Glacier, tupande hadi ziwa la Iceberg na watoto wetu, wa miaka 9 na 12. Nasikia njia ile ina dubu. Mume wangu amenunua vikengele vya kufunga kwenye mabegi, na anataka tumchukue mbwa atulinde. Mimi usingizi sipati. Twende au tusiende?*
*Mama Furaha, Missoula*

Marahaba, Mama Furaha. Nendeni. Ila vikengele viacheni nyumbani, na mbwa pia.

Mbwa haruhusiwi kwenye njia za miguu za Glacier. Hata angeruhusiwa, mbwa huweza kumchokoza dubu kisha akakimbilia kwa mwenyewe, dubu akiwa nyuma yake.

Vikengele ni jambo linaloniuma, kwa sababu watu huvifunga wakaamini wamemaliza kazi. Sauti yake ni ndogo, haifiki mbali. Dubu anatakiwa asikie binadamu, tena mapema, maana hatari kubwa ni kumshtukiza, hasa mama mwenye watoto au aliyekaa juu ya mzoga. Akiwasikia mkiwa mbali, mara nyingi hujiondokea. Basi pigeni hodi, kama mnavyopiga mlangoni kwa watu. Kila kona, kila kichaka kinachoziba macho, kila mahali upepo unapowapiga usoni: hodi kwa sauti kubwa, na makofi. Mkikaribia maporomoko ya Ptarmigan ongezeni sauti, maji yale yanameza maneno. Katikati ya safari watoto waimbe.

Miaka mingi nimeongoza wageni Mlima Meru, na kule askari mwenye bunduki hutembea nanyi kwa ajili ya nyati. Nilipomtembelea binti yangu Montana nilimtafuta askari wa namna hiyo, nisimwone. Kinga yenu ni kopo la pilipili ya kunyunyizia dubu. Kila mtu mzima awe na lake, mkandani au kifuani, kamwe si ndani ya begi. Angalieni tarehe ya mwisho, na mfanye mazoezi ya kulichomoa na kuondoa kifungo cha usalama kabla hamjatoka nyumbani. Dubu akija mbio, subiri afike kama mita 9, kisha nyunyiza mbele yake, chini kidogo, aingie mwenyewe ndani ya wingu. Mkiwa na mgeni anayekuja kwa ndege, asijisumbue kubeba la kwao, ndege haziruhusu.

Mkimwona kwa mbali, sheria ya hifadhi inataka mkae mita 91 au zaidi kutoka kwake, karibu urefu wa uwanja wa mpira. Msikimbie. Rudini nyuma taratibu. Kule kuna aina mbili za dubu, dubu mweusi na grizzly. Rangi ya manyoya isiwadanganye, kwani hata huyo aitwaye mweusi anaweza kuwa wa kahawia. Angalieni nundu mabegani, kama ya ng'ombe wetu: mwenye nundu ndiye grizzly. Huyo akimshtukia mtu na kumgusa, mtu alale kifudifudi, begi mgongoni, vidole amevifungamanisha nyuma ya shingo. Dubu mweusi akishambulia, au dubu yeyote anayewafuata kimyakimya, piganeni naye kwa kila mlicho nacho.

Mwezi wa nane vitunda vya porini vya zambarau huwa vimeiva, na dubu hushinda humo. Mimi na binti yangu tulikuta kinyesi katikati ya njia, kimejaa maganda ya vitunda hivyo, kingali kinatoa mvuke. Ilikuwa imebaki kama kilomita moja tufike ziwani. Tuligeuza. Barafu zile zinazoelea sijaziona mpaka leo, na ningegeuza tena.

Asubuhi ya safari ulizeni kwa askari wa hifadhi kama njia iko wazi. Ile hufungwa mara kwa mara kwa sababu ya dubu. Nendeni pamoja na jirani, mkiwa wanne au zaidi. Maandazi yaleni ziwani, makombo na karatasi mrudi navyo. Njia ni karibu kilomita 15 kwenda na kurudi, kwa hiyo wakati wa kurudi watoto watachoka, watanyamaza, na yule wa miaka 12 atataka kutangulia. Mweke katikati, na hodi apige mama.