Bonsai ndani ya nyumba Unguja: jibu kwa dada wa Michenzani na mwanawe

Wa alaykum salaam dada. Umeuliza kama wewe na mwanao mnaweza kuanza bonsai, yaani kufuga mti uliodumazwa ndani ya chungu kidogo, katika nyumba ya ghorofa Michenzani, muanze na mti gani, na vipi watu wawili watautunza mti mmoja bila ya kugombana. Mimi na ami yangu tunaifanya kazi hii pamoja Mkunazini, katika nyumba ya zamani yenye kuta nene na madirisha machache, kwa hiyo nitakujibu kwa yale tunayoyafanya.

Nianze na mwanga, kwa sababu ndani ya nyumba kiza ndicho kinachoua. Wenzetu wa nchi za baridi wakifuga mtini, yaani mti wa jamii ya tini, ndani ya nyumba huhangaika na baridi na hewa kavu. Sisi joto tunalo mwaka mzima, na unyevu wa hewa ya pwani mti unaupenda. Tatizo ni kuwa macho yetu huzoea kiza: chumba unachokiona kina nuru ya kutosha, mti hauna cha kula humo. Saa sita mchana weka karatasi nyeupe pale unapotaka kukiweka chungu, kisha kinga mkono juu yake. Kivuli cha mkono kikionekana vizuri, vidole vikihesabika, mahali hapo panafaa. Kikiwa ni ukungu tu, sogea dirishani zaidi. Hatua mbili tatu kutoka dirishani zinapoteza sehemu kubwa ya nuru.

Dirisha lipi? Sisi tupo kiasi cha nyuzi 6 kusini mwa ikweta, hivyo tangu Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana huwa upande wetu wa kaskazini, na miezi iliyobaki, ukiwamo wakati wa upepo wa Kaskazi, huhamia kusini. Ukiwa na dirisha la kaskazini au la mashariki, umepata. La magharibi nalo linafaa, ila chungu kidogo hukauka upesi kwa jua la alasiri.

Wajapani wenyewe, waliotufikishia jina hili, kwa kawaida huiweka miti yao nje. Huingizwa ndani kwa muda mfupi ili itazamwe, kisha ikarudishwa. Kwa hiyo nawashauri muwe na miti miwili: mmoja dirishani, mmoja roshanini, mkibadilishana kila baada ya wiki mbili hivi. Mti unaotoka ndani usipelekwe juani moja kwa moja. Upeni kivuli siku kadhaa, la sivyo majani yataungua. Mtini ukihamishwa unaweza kupukutisha majani mengi. Kwangua gome kidogo kwa ukucha: ukiona kijani chini yake, mti uko hai, uacheni upumue na msiuzidishie maji.

Mti wenyewe, chukueni jamii ya mtini. Ficus benjamina na Ficus microcarpa, zile za majani madogo yanayong'aa, zinavumilia ndani kuliko mti wowote ninaoujua. Mkwaju ni mzuri mno, majani yake hujikunja usiku na gome lake huzeeka mapema, lakini unataka jua kamili. Uwekeni roshanini tu. Mvinje na mbuyu pia ni wa nje. Miti ya nchi za baridi kama msonobari wa Kijapani iacheni kabisa, inahitaji majira ya baridi ambayo sisi hatunayo.

Kuna chanzo kimoja cha miche ambacho wengi wanakipita. Angalieni kuta za Mji Mkongwe: ndege hula tini, mbegu zikaangukia kwenye nyufa, na mtini ukaota juu ya chokaa. Mizizi ikinenepa inapasua ukuta, na wenye nyumba wengi watafurahi ukiondolewa. Omba ruhusa, subiri ukuta uloe kwa mvua, utoe taratibu. Miche ya namna hii tayari imeshapindana na kudumaa, ina sura ambayo mche wa kitaluni utaitafuta kwa miaka. Lakini msichimbe chochote katika msitu wa hifadhi wa Jozani wala kwenye hifadhi za pwani.

Udongo: udongo wa shamba peke yake hugandamana ndani ya chungu kifupi na mizizi ikaoza. Sisi tunaponda magae ya vyungu na mitungi iliyovunjika, tunachekecha, tunachukua chembe za ukubwa wa mtama hadi mbaazi, na vumbi lote tunalimwaga. Tunachanganya na usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi. Hapa muwe waangalifu: makumbi ya kwetu huozeshwa baharini kabla ya kupigwa, kwa hiyo usumba wake una chumvi. Urowekeni kwa maji matamu, mwageni, rudieni mpaka ukionja maji hayana chumvi tena. Mchanga wa pwani usitumike. Maji ya visima vya Unguja yana chokaa na huacha utando mweupe kwenye shina. Mkiweza kukinga ya mvua, ndiyo bora.

Kuhusu sura, mtini unafundishika. Acheni chipukizi lifike majani sita mpaka manane, kisha likateni libaki na mawili. Utomvu utatoka, futeni kwa kitambaa chenye maji. Kwa kukunja matawi, vipande vya waya wa shaba wanavyobakisha mafundi umeme vinatosha: vueni plastiki, uchomeni waya moto, uacheni upoe, utalainika. Unene uwe kama theluthi ya tawi, uzungushwe kwa mshazari. Kwa joto letu tawi hunenepa upesi na waya ukazama kwenye gome, kwa hiyo utazameni kila wiki, na ukianza kubana ukateni vipande vipande, msiukunjue.

Sasa hilo la watu wawili. Mti wa watu wawili hufa kwa maji, kwa sababu kila mmoja hudhani mwenzake hakumwagia. Kazi ya kumwagia maji mpe mwanao, iwe yake peke yake: kila asubuhi kabla ya skuli achomeke kidole, juu pakiwa pakavu amwagie mpaka maji yatoke chini, pakiwa na unyevu aache. Wewe shika waya na wadudu. Wale weupe kama pamba wafute kwa spiriti. Mkasi uwe wenu nyote wawili: tawi halikatwi mpaka mkae pamoja, muuzungushe mti, na kila mmoja aseme anauona ukielekea wapi. Ami na mimi tumewahi kubishana juu ya tawi moja tangu Kusi hadi Vuli, na mabishano hayo ndiyo yaliyonifundisha kuutazama mti.

Mizizi msiiguse mpaka mvua za Vuli, mti unapokuwa na nguvu. Wakati huo tutapogoa miti yetu, na tawi la mtini lenye unene wa penseli hutoa mizizi kwenye mchanganyiko ule ule wa magae na usumba likiwekwa kivulini. Nitawatengea machache, mje mchague.