Kufungua gurudumu la nyuma la bajaji nyumbani

Ndugu, nimekuelewa: umeinua bajaji kwa jeki, na kila ukizungusha spana, gurudumu nalo linazunguka. Ishushe kwanza. Nati hulegezwa gurudumu likiwa chini, nusu mzunguko tu, breki ya mkono ikiwa imevutwa na gurudumu la mbele limezuiwa kwa mawe pande zote mbili. Hapo ndipo uinue, kisha uweke gogo imara chini ya chasisi. Jeki peke yake mimi siiamini.

Sasa tazama vizuri unachofungua. Rimu nyingi za bajaji ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa nati zake, mbali na zile zinazoshika gurudumu. Ukikosea ukafungua hizo nati za rimu wakati tairi lina upepo, rimu inaweza kufyatuka ikakuvunja mkono au uso. Kama shida yako ni pancha, toa upepo wote, chomoa hata sindano ya valvu, ndipo utenganishe.

Kurudisha ni rahisi: kaza nati kwa kupishana, malizia gurudumu likiwa chini, uzikague tena baada ya safari fupi. Ile nati kubwa ya katikati yenye pini mwachie fundi.