Abiria Msumbufu Ndani ya Ndege: Maneno kwa Wahudumu Wapya

Vijana wa Arusha na Moshi wanaomaliza mafunzo ya uhudumu wa ndege hunijia na swali lile lile: abiria akinirushia ngumi nifanye nini? Swali ni la haki, ila linaanzia mwisho wa habari. Abiria anayefika hatua ya kurusha ngumi kwa kawaida ameshajionyesha mapema, kwenye foleni, mlangoni, au alipoletewa kinywaji cha kwanza, na mara nyingi kulikuwa na mtu aliyemwona akaamua kuyapuuza. Kwa hiyo nitazungumza zaidi kuhusu dakika zile ambazo mlango wa ndege bado uko wazi, kwa sababu ndizo dakika zenye nguvu kuliko zote mtakazokuwa nazo.

Msidhani jambo hili ni la nadra. Chama cha Kimataifa cha Usafiri wa Anga, IATA, kiliripoti tukio moja la usumbufu kwa kila safari 568 mwaka 2022, na mwaka 2023 likawa moja kwa kila safari 480. Mhudumu anayeruka safari kadhaa kwa siku hana haja ya kupiga hesabu ndefu ili ajue kwamba zamu yake itafika. Mengi ya matukio hayo si ngumi, bali ni ukaidi: abiria amekataa kufunga mkanda, amefungua chupa yake mwenyewe ya pombe, au amevuta sigara chooni. Hili la sigara chooni wapya hulichukulia kama utovu wa adabu tu. Julai 1973 ndege ya shirika la Varig la Brazil ilitua kwa dharura shambani karibu na Paris baada ya moto kuanzia chooni, na watu 123 walikufa, wengi wao kwa sababu ya moshi. Sigara iliyotupwa kwenye pipa la taka ilishukiwa kuwa chanzo.

Sheria yenyewe inauheshimu mlango. Katika Mkataba wa Tokyo wa mwaka 1963, mamlaka ya kepteni juu ya watu walio ndani ya ndege huanza pale milango yote ya nje inapofungwa baada ya abiria kupanda, na huendelea hadi mlango mmojawapo unapofunguliwa ili washuke. Kabla ya hapo ngazi ipo, polisi wa uwanja wako karibu, na watu wa lango wanaweza kumshusha mtu kwa utaratibu ambao utaichelewesha safari kidogo tu. Baada ya hapo, kumwondoa mtu huyo huyo kunaweza kumaanisha kugeuza ndege, kumwaga ratiba ya siku nzima, na kuwalaza abiria wengine mahali ambako hawakupanga kulala. Ndiyo maana nawaambia kwamba mhudumu anayesimama mlangoni akiwapokea abiria hakuwekwa pale ili atabasamu tu.

Pale Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro, KIA, mna bahati ambayo wenzenu wa viwanja vikubwa hawana. Abiria hutoka ndani ya jengo, hutembea kwa miguu juu ya lami, kisha hupanda ngazi, na wewe uliye juu unamwona tangu anapotoka. Mtazame anavyotembea. Anayeshika reli kwa mikono miwili, anayepanda kidato kimoja na kusimama, anayebishana na mwenzake huku akinyoosha kidole, huyo msalimie kwa kirefu: muulize anakwenda wapi, muombe akuonyeshe namba ya kiti, na usikilize jinsi anavyojibu. Ukimpa nusu dakika ya mazungumzo, harufu ya pombe, ulimi mzito au hasira aliyotoka nayo nyumbani vitajitokeza vyenyewe. Ukiona shaka, usimzuie wewe peke yako wala usimhukumu mbele ya foleni. Mwache apite, kisha mwambie msimamizi wako mara moja, naye atamwambia kepteni. Uamuzi wa kumshusha si wako, lakini taarifa ni yako, na taarifa inayofika baada ya mlango kufungwa imepoteza nusu ya thamani yake.

Mkoa wetu una abiria wa aina ya pekee, nao ni wapanda mlima. Mtu aliyefika kilele cha Uhuru, mita 5,895, alianza kupanda karibu na usiku wa manane, hakulala, amepungukiwa maji mwilini, na ameshuka kwa siku moja na nusu. Jioni anapelekwa moja kwa moja uwanjani kupanda ndege ya usiku ya kwenda Ulaya, na njiani ameshasherehekea kwa bia mbili tatu. Hewa ndani ya ndege iliyo juu hulinganishwa na ya mahali penye kimo cha mita 1,800 hadi 2,400, yaani kama kuanzia Lango la Marangu, wanakoanzia wapandaji, na kuendelea kupanda kidogo kuelekea kambi ya Mandara. Peke yake haimsumbui aliyetoka kileleni juzi, lakini pamoja na uchovu, pombe na kidonge cha usingizi alichokibeba mfukoni, inaweza kumfanya mtu mpole asijitambue. Abiria wa namna hii simchukulii kama mhalifu. Nampelekea maji kabla hajaomba, namletea chakula mapema, na pombe naichelewesha bila kutangaza kwamba nimeichelewesha.

Hapo hapo, jihadharini na kosa la kumwita mlevi mtu ambaye ni mgonjwa. Mwenye kisukari ambaye sukari yake imeshuka huyumba, hutokwa jasho, huongea maneno yasiyounganika na hata hugombana, na mwingine ambaye sukari yake imepanda sana hutoa pumzi yenye harufu inayofanana na pombe au matunda yaliyoiva kupita kiasi. Muulize yeye au mwenzake kama ana ugonjwa wowote, tazama kama amevaa bangili ya tahadhari, na kama yu macho na anaweza kumeza, juisi yenye sukari haitamdhuru mlevi lakini inaweza kumwokoa aliyepungukiwa. Kisha muiteni msimamizi.

Sasa niseme kuhusu Desemba, kwa sababu hakuna mwezi unaompima mhudumu wa njia ya Dar es Salaam na KIA kama huo. Watu wanarudi nyumbani kwa Krismasi, ndege ya panga boi imejaa kiti hadi kiti, makabati ya juu ni madogo, na kila mtu amebeba kitu ambacho hataki kiende chini ya ndege. Katika safari moja ya namna hiyo mzee mmoja alisimama katikati ya njia akiwa ameshika boksi kubwa kwa mikono miwili, akimfokea kijana aliyeweka begi lake kwenye kabati la juu ya kiti cha mzee. Kijana naye alishaanza kujibu. Mhudumu niliyekuwa naye, binti wa Machame, hakugusa boksi wala begi. Alisogea hadi akawa kati yao, akamgeukia mzee na kumpa shikamoo yenye kituo, kama anayesalimia nyumbani.

"Marahaba," mzee alijibu, "lakini mzigo huu hautoki mikononi mwangu."

"Hautatoka bila ruhusa yako, baba. Naomba nijue tu ndani kuna nini, ili nisije nikauweka vibaya."

Ilikuwa keki ya kipaimara ya mjukuu wake. Mzee hakuwa anagombea kabati. Alikuwa anaogopa krimu isibanwe na mabegi ya watu. Keki ikafungiwa kwenye kabati la wahudumu kule mbele, mzee akaonyeshwa mlango wake ili ajue iko wapi, na kijana akaambiwa kwa sauti ya chini, bila kuaibishwa, kwamba mkubwa hajibiwi hivyo. Mambo yalikwisha kabla injini hazijawashwa. Angalieni alichofanya binti yule: aliongea na mmoja kwanza, aliyemzidi mwenzake kwa umri, na hakutaja sheria hata mara moja. Sheria ziko nyingi na mtazitaja, lakini kwa Mtanzania mwenye mvi anayetajiwa kanuni na mtoto mbele ya watu, mnakuwa mmemfungia njia ya kurudi nyuma.

Kwa abiria wa kutoka nje njia hubadilika kidogo. Wengi wao wanataka kuambiwa wazi nini kinatakiwa, kwa nini, na nini kitafuata wasipotii, kwa mpangilio huo, na kwa sauti isiyopanda. Wote, wa hapa na wa nje, hawapendi kuzungumziwa kutoka juu. Chuchumaa kando ya kiti, uso wako uwe sawa na wake, lakini usimpe mgongo na usiruhusu akuzibie njia.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limegawa usumbufu katika madaraja manne: maneno na ukaidi, kisha kupiga au kushika watu, kisha vitendo vinavyotishia uhai, na la nne ni kujaribu kuingia kwa nguvu katika chumba cha marubani. Mjifunze kuyataja kwa namba, kwa sababu ukimpigia simu kepteni hana macho ya kuona kilichoko nyuma, na neno "fujo" halimwambii kitu. Ukimwambia daraja la pili, kiti fulani, mtu mmoja, amekunywa, hana silaha, tayari anajua la kufanya. Kwa daraja la nne mlango wa marubani unabaki umefungwa, hata kama wewe ndiye unayepigwa upande wa pili.

Sababu yake sisi wa Afrika Mashariki tunaijua kwa karibu. Tarehe 29 Desemba 2000, kabla milango ile haijaimarishwa, Boeing 747 ya British Airways iliyokuwa ikitoka Gatwick kwenda Nairobi ilikuwa juu ya anga ya Sudan pale abiria aliyekuwa amechanganyikiwa akili alipoingia na kung'ang'ania usukani. Ndege ilianza kuporomoka, ikiwa na watu karibu 400, hadi marubani na abiria walipomng'oa.

Kuhusu milango ya nje, abiria akiishika ndege ikiwa juu kabisa, tulieni: tofauti ya shinikizo la hewa haitamruhusu kuifungua. Karibu na ardhi ni habari nyingine. Mei 2023 abiria wa ndege ya Asiana aliufungua mlango wa dharura ikiwa mita mia mbili na kidogo juu ya ardhi, kabla ya kutua Daegu, Korea Kusini. Ndege ilitua salama na mlango ukiwa wazi. Kwa hiyo anayekaa kwenye safu ya mlango wa dharura mchunguzeni vizuri kabla ya kuondoka, na mtazameni tena wakati wa kushuka.

Kumfunga abiria ni hatua ya mwisho, na huko ndiko nisikopenda ushujaa. Ndege zetu za panga boi zenye viti sabini na ushei zina wahudumu wawili tu, kwa hiyo mtahitaji msaada wa abiria. Mkataba wa Tokyo unampa kepteni ruhusa ya kuwaamuru wahudumu, lakini abiria huombwa tu, hawalazimishwi. Chagueni watu watulivu, si wale wanaojitokeza wakiwa wamekunja mikono ya shati. Ukishamfunga mtu, mkalishe wima. Usimlaze kifudifudi, usiruhusu mtu amkalie mgongoni, legeza kinachobana shingo, na mmoja wenu asimwache hata kwa dakika moja. Agosti 2000, kati ya Las Vegas na Salt Lake City, kijana wa miaka 19 aliyekuwa akiupiga teke mlango wa marubani alizuiwa na abiria wenzake, akafa.

Kwa wale watakaoanzia kazi Kisongo, uwanja wa ndege wa Arusha, kwenye ndege ndogo za Cessna Caravan za kwenda Seronera na Manyara, haya yote ya angani yafupisheni. Hakuna mhudumu, hakuna mlango wa marubani, na abiria anaweza kuwa ameketi bega kwa bega na rubani, karibu na usukani. Anayepakia abiria chini ndiye ulinzi wote uliopo. Mgeni aliyetoka kwenye chakula cha mchana chenye mvinyo mwingi, na hewa ya mchana ile inayotikisa ndege ndogo, asipande. Aombewe safari nyingine, hata kama mwongozaji wake analalamika kwamba hoteli inamsubiri. Hapo sina maneno mengi.

Lililobaki ni karatasi, na wengi huliona kama adhabu baada ya siku ndefu. Mkataba wa Tokyo uliweka mamlaka ya kesi hasa kwa nchi ambako ndege imesajiliwa, na kwa miaka mingi watu walishushwa mbele ya polisi wa nchi nyingine kisha wakaachiwa waende zao, kwa kuwa mahakama za pale zilikosa uwezo wa kuwashtaki. Itifaki ya Montreal ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika Januari 1, 2020, inazipa mamlaka pia nchi ndege inapotua na nchi ya kampuni inayoiendesha, kwa zile zilizoiridhia. Lakini hata pale sheria inaporuhusu, kesi huanguka ikiwa hakuna aliyeandika. Sheria inamlinda kepteni na wahudumu wanaochukua hatua za kadiri wakiwa na sababu za msingi, na sababu hizo huonekana kwenye maandishi yenu tu.

Andikeni kabla hamjatoka ndegeni. Wekeni saa, namba ya kiti, maneno aliyoyasema kama alivyoyasema, matusi yakiwemo, idadi ya vinywaji mlivyompa, onyo la kwanza na nani aliyelitoa. Msiandike "alikuwa amelewa". Andikeni macho mekundu, alimwaga maji, alirudia swali moja mara nne. Pateni majina na mawasiliano ya mashahidi wawili wakiwa bado wameketi, kwa sababu wakishatoka nje ya jengo mmoja atakuwa njiani kwenda Ngorongoro na mwingine Rombo. Ripoti ikishapokelewa na kampuni, kama kanuni zake zinaruhusu, bakini na nakala yenu wenyewe, kwani wito wa kutoa ushahidi unaweza kufika wakati mmeshahamia kwa mwajiri mwingine.