Usiichomeke kwanza: maswali ya wanaofufua TV za chogo

Niliwahi kudokeza hapa kwamba meza yangu ya Mikindani ina TV tatu za chogo zilizofunguliwa mgongo. Tangu siku hiyo maswali hayakatiki. Leo najibu matano.

*"Shikamoo fundi. Nimerithi TV ya babu, imekaa stoo miaka kumi na tano. Nimeifuta vumbi nikaichomeka, ikatoa moshi. Ndiyo nimeiua?"* (Masasi)

Marahaba, ingawa ufundi wangu ni wa kujifurahisha tu. Huenda hujaiua, ila umeifanyia papara. TV iliyolala muda mrefu haichomekwi moja kwa moja. Kapasita za elektrolaiti, vile vikopo vidogo vya kuhifadhi chaji ya umeme, vyenye alama ya hasi ubavuni, hukauka ndani, na ukivipa umeme wote ghafla vinafumuka. Fungua mgongo kwanza, utoe viota. Mende na mijusi wetu wanalipenda joto la bodi, na uchafu wao ukichanganyika na hewa ya chumvi unakula njia za shaba. Tafuta kapasita iliyotuna kichwa, uweke nyingine ya maikrofaradi (kipimo cha chaji inayohifadhi) zilezile na volti sawa au zaidi, hasi mahali pa hasi.

Kisha unganisha balbu ya waya (siyo LED) ya wati 100 kwenye njia ya umeme, umeme upite ndani yake kabla ya kufika kwenye TV. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti ndani. Ikiwaka kidogo ikafifia, endelea. Soma pia maandishi ya nyuma: TV iliyotengenezwa kwa soko la Japani inataka volti 100, na soketi yako inatoa 230.

*"Kuna fundi kaniambia ukishachomoa waya TV haina umeme tena. Kweli?"* (Lindi mjini)

Hapana, na jibu hili nitalirefusha kwa makusudi. Kioo chenyewe ni kapasita. Kwenye TV ya rangi ya inchi 21, ule mfuniko wa mpira ulio mgongoni mwa kioo hubeba volti elfu ishirini na kitu, na chaji inaweza kubaki muda mrefu baada ya kuchomoa. Chukua bisibisi bapa yenye mpini mrefu wa plastiki, funga waya kwenye chuma chake, na ncha ya pili ya waya uifunge kwenye ule waya uliosukwa unaozunguka mgongo wa kioo. Usiifunge kwenye bodi, utaunguza aisii, vile vipande vyeusi vyenye miguu mingi. Ingiza ncha ya bisibisi chini ya mpira, mkono mwingine ukiwa nyuma ya kiuno. Utasikia *pwa!* au hutasikia kitu. Subiri dakika chache urudie, maana kioo huwa kinajirudishia chaji.

Bado kuna kapasita kubwa ya pawa, yenye volti kama 300. Hiyo itoe chaji kupitia balbu, kisha uipime kwa mita. Halafu kwenye nyingi ya TV hizi, upande mmoja wa bodi umeungana moja kwa moja na umeme wa ukutani, kwa hiyo ikiwa imechomekwa, usiguse hata chuma cha ndani kinachoonekana hakina neno. Mimi shoti niliipata kwa kiwiko wakati nikifikia kikombe cha chai. Chai siku hizi nainywea barazani.

*"Sauti ipo, picha ni mstari mmoja mweupe katikati."* (Newala)

Huo ndio ugonjwa ninaoupenda, kwa sababu mwanafunzi anauweza. Tazama aisii ya vatiko, ile inayotanua picha juu na chini, mara nyingi imefungwa kwenye bati la kupozea. Geuza bodi utazame miguu yake kwa kioo cha kukuzia: ukiona duara jeusi kuzunguka mguu, risasi imepasuka kwa joto. Chomelea upya. Isipopona, badilisha kapasita zilizo jirani kabla ya kununua aisii. Na punguza mwanga wakati wa kujaribu, mstari ule unaunguza kioo.

*"Kona moja ni ya zambarau, nyingine kijani."* (Chikongola, Mtwara)

Sogeza sabufa mbali na TV, sumaku yake inachafua rangi. Zima TV nusu saa ipoe, uiwashe. Ndipo koili ya kufuta sumaku inapofanya kazi. Rudia mara kadhaa.

*"Nikiifufua nitatazama nini, na matangazo yote ni ya kidijitali?"* (Nachingwea)

King'amuzi chenye tundu la njano (la picha) kinatosha kama TV yako nayo inalo. Kama ina tundu la antena tu, tafuta deki ya kanda, hata isiyosoma kanda: king'amuzi kiingie kwenye deki, deki itoke kwa waya wa antena, nawe utafute chaneli hadi chenga ziishe. Na kama TV ya mzee wako ni ya miaka ya sabini, muulize ilitoka wapi. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka hiyo ya sabini, sisi wa bara tulisubiri hadi 1994, kwa hiyo kama ilifika Nachingwea kabla ya hapo, ilikuwa pambo la sebuleni, labda na la kutazamia kanda.