Mboga zisizo na dawa kwa hela ndogo

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nina watoto wanne, na mume wangu anavua dagaa. Nataka tuachane na vyakula vilivyopuliziwa dawa, ila hela ya mboga ni ya kuungaunga. Nianzie wapi? Mama wa Ujiji.

JIBU: Marahaba mwanangu. Usibadilishe vyote kwa mpigo. Dagaa wa Ziwa Tanganyika hawafugwi wala hawapuliziwi dawa majini, hivyo hapo umeshapona. Ndizi na muhogo unamenya, visikunyime usingizi. Wasiwasi wangu ni nyanya, kabichi na mchicha: wapo wanaopuliza leo na kuvuna kesho, na hilo linaniuma kweli. Mchicha na matembele panda mwenyewe kwenye viroba vilivyotobolewa chini, udongo na samadi iliyooza vizuri (mbichi huunguza mizizi). Mchicha utaanza kuuchuma baada ya wiki tatu, nne hivi. Wadudu wakija, twanga majani ya mwarobaini, loweka usiku kucha, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza jioni. Jua kali huidhoofisha dawa hiyo ya mwarobaini. Nyanya zina maradhi mengi, jaribu miche michache tu. Nyingine nunua kwa anayelima mwenyewe, na umuulize alipuliza lini.