Bendi mpya unazipataje ukiwa huku kusini? Maswali yenu na majibu yangu

Wiki iliyopita niliandika kwamba nyimbo karibu zote ninazozipenda siku hizi nilizisikia kwanza stejini, kwenye simu zilikuja baadae, basi maswali yakamiminika, Lindi, Masasi, Nachingwea, mpaka Kilwa. Yote siyawezi. Haya ndo niliyoyachagua, na yale yanayofanana nimeyaunganisha.

"Kaka mi niko Lindi mjini, huku bendi haziji, tunapigiwa singeli ya spika na MC basi. Hizo shoo za laivu unazosema ziko wapi?"

Ndugu yangu zipo, ila ukisubiri bango la rangi barabarani utasubiri sana maana bango ni la msanii mwenye hela ya bango. Bendi ndogo unaikuta kwenye harusi, kwenye mahafali, kwenye bustani ya hoteli Ijumaa jioni wanapiga kopi za watu mpaka saa nne alafu katikati wanachomeka wimbo wao mmoja, na huo mmoja ndo wa kuusikiliza kwa makini. Mimi nimejifunza kuwauliza wapishi wa harusi na watu wa maturubai, hao wanajua nani anapiga wapi kuliko mtu yeyote, na kuanzia Oktoba minada ya korosho ikianza na hela ikishika mikono ya watu hapo shughuli zinafuatana kila wikiendi, hata bendi za Dar zinakuja huku. Jamaa wa spika pia muulize. Anayekodisha vyombo lazima amejua bendi inayokuja hata kabla ya mwenye sherehe.

Alafu naomba usidharau ngoma. Tamasha la MaKuYa hapa Mtwara jina lake limeunganishwa toka Makonde, Makua na Yao, na likifanyika we nenda ukasimame karibu kabisa na wapigaji, sio jukwaani kule juu kwenye kivuli. Mtu aliyekua anasikia mapiko na sindimba ana sikio ambalo kijana wa mjini analitafuta kwa shida, akiisikia bendi inayoweka ule mwendo kwenye gitaa la besi anaijua ndani ya dakika moja. Mimi nilivyoanza kusikiliza bendi hivyo, kwa kufuata ngoma na besi badala ya kungoja kiitikio, nilianza kupenda vitu ambavyo zamani ningevipita.

Na ufike mapema jamani. Hili ningependa nilirudie kwa kila mtu aliyeniandikia. Kiingilio umelipa saa mbili, we unaingia saa tano msanii mkubwa akipanda, ile bendi ya kwanza imepigia viti vitupu, wamepiga nyimbo sita zao wenyewe na hakuna aliyesikia zaidi ya mtu wa saundi na wauza maji. Bendi mpya siku zote wanapewa ule muda wa mwanzo.

"Indi maana yake nini hasa? Ni staili ya muziki au?"

Ilianza kama habari ya nani anamiliki muziki. Uingereza miaka ya sabini mwishoni kulikuwa na lebo ndogo ndogo zinatoa rekodi bila kupitia makampuni makubwa, wakaziita huru, kwa Kiingereza independent, kifupi chake ndo indi, na kufika Januari 1980 zilikuwa zimeshapata chati yao kabisa. Baadae watu wakaanza kuita hivyo hata mlio fulani wa magitaa, ndo maana unachanganyikiwa. Mimi nikisema bendi huru namaanisha wale wanaojilipia studio wenyewe na kujitangaza wenyewe, wapige rumba wapige roki wapige mchiriku sawa tu.

Na kuwa huru haimaanishi lazima uwe mdogo. Harmonize ni wa huku huku kwetu Mtwara, 2019 katoka WCB, lebo ya Diamond, kaanzisha lebo yake kaipa jina la Konde. Huyo yuko nje ya lebo ya mtu ila ana timu na hela, sasa we fikiria kijana ambaye hana hivyo vyote anapambana vipi.

"Nitajuaje bendi inatoa kitu kipya kabla hakijatoka? Mi kila siku nagundua albamu ikiwa na miezi nane."

Hili swali nalipenda sana kwa sababu jibu lake linaanzia kwenye shoo. Bendi haitungi wimbo leo na kuurekodi kesho, wanautembeza kwanza, wanaupiga harusini hapa na baa pale wanaangalia watu wananyanyuka au wanakaa, wanapunguza beti, wanaongeza sebene, ndo wanaenda studio. Kwa hiyo ukienda kuwaona leo nusu ya unachosikia hakipo popote kwenye intaneti, ni cha mwakani. Ukisikia wimbo mpya ukakushika, subiri wakishuka nenda kawaulize huu unaitwaje na unatoka lini, hawajawahi kunikatalia hata mara moja, tena wanafurahi mpaka unaona aibu.

Kisa cha Arctic Monkeys nakipenda kwa hili. Vijana wa Sheffield kule Uingereza, walipokuwa hawajulikani walikuwa wanagawa CD za majaribio bure kwenye shoo zao, mashabiki wakaziweka kwenye intaneti wenyewe, watu wakaanza kuja kwenye shoo wanaimba mashairi yote na bendi haina hata albamu. Wakasaini na Domino ambayo ni lebo huru, albamu ya kwanza ikatoka Januari 2006 ikauza nakala zaidi ya 360,000 Uingereza ndani ya wiki moja. Wale waliokuwa kwenye vile vyumba vidogo mwanzoni walikuwa wameshazizoea zile nyimbo, nchi nzima ndo inashtuka.

Sasa upande wa simu. Tangu Julai 2015 dunia karibu nzima inatoa muziki mpya siku ya Ijumaa, kwa hiyo we jiwekee Ijumaa asubuhi dakika kumi za kupekua. Ukizifolo bendi kwenye Spotify, kuna orodha yako inabadilishwa kila Ijumaa inaleta vitu vipya vya uliowafolo, na bendi ikitangaza albamu mapema unaweza kuihifadhi kabla haijatoka, ikitoka unaikuta imeshaingia kwako. Boomplay na Audiomack nako wafolo, na YouTube ubonyeze ile kengele. Ila bendi za huku kwetu nyingi tangazo lao la kwanza ni stetasi ya WhatsApp ya mpiga kinanda, kwa hiyo omba namba, iseve, na umwambie na yeye akuseve maana bila hivyo stetasi huioni.

Kitu kimoja zaidi hapa, fuata lebo pia. Nyege Nyege Tapes ya Kampala ndo iliyokusanya singeli ya studio ya Sisso ya Mburahati ikaitoa 2017, na 2020 hao hao wakatoa albamu ya Duma, vijana wa Nairobi wanaopiga metali (heavy metal) nzito kabisa. Mtu aliyeipenda ya kwanza akaendelea kufuata lebo, ya pili imemfikia yenyewe bila kuitafuta. Msikilizaji mwenye akili anajua mikono inayochagua vizuri.

"Mimi ni mwanafunzi Masasi, bando linaniua. Kusikiliza vitu nisivyovijua ni kuchoma hela."

Mdogo wangu nakuelewa. Shusha ukiwa kwenye wai-fai, Audiomack inakuruhusu kusikiliza bila mtandao na Mdundo unashusha faili kabisa linabaki kwenye simu. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikawa ya kuvizia siku kadhaa, mimi nilikula nyimbo nilizoshusha na hapo ndo nikazisikiliza vizuri kuliko siku zote. Nyimbo tatu za bendi moja zirudie wiki nzima, utazijua kuliko aliyepitia hamsini.

"Ni kweli inafaa kutoka Mtwara mpaka Zanzibar kwa ajili ya tamasha la Sauti za Busara? Hela ya nauli ingenunua mbuzi."

Inafaa mara moja katika maisha, na ukiniuliza zaidi ntasema mara mbili. Sio safari ndogo, Mtwara mpaka Dar ni kama kilomita 560, unalala njiani au unafika umevimba miguu, kisha boti. Lakini Busara ina sharti moja lililonifanya niipende, wanataka muziki upigwe laivu, hakuna mtu kupanda na CD kufungua mdomo tu juu yake. Linafanyika Februari, ndani ya Ngome Kongwe pale Forodhani, tangu 2004, na mule ndani stejini unakutana na watu toka Comoro, Mali, Afrika Kusini, Unguja yenyewe, wengi hujawahi kuwasikia.

Ukiamua kwenda basi usiende mikono mitupu. Orodha ya wasanii inatoka mapema, ichukue, kila jina tafuta wimbo mmoja, weka alama kwa matano ambayo hukuyajua na hao ndo ujipange nao. Jua likizama uwe umeshaingia. Saa zingine zungukia Mji Mkongwe, vijana waliopita DCMA, ile academy ya muziki iliyoanza 2002, wanapigapiga sehemu nyingi usiku na jioni, unaweza kupata bendi nzuri kwa bei ya soda. Siti and the Band walikuwa vijana wa mazingira hayo hayo, taarabu unaijua lakini ukiisikia wanavyoipiga unakaa kimya.

Na ulipie tiketi. Mwaka 2016 Busara haikufanyika kwa sababu ya hela, mwaka mzima ukapita hivi hivi, ikarudi 2017. Nilipojua hilo nikaacha kabisa kutafuta mlango wa nyuma, hapa Mtwara na kokote.

"Mama wa watoto wawili hapa Chuno. Usiku siwezi kutoka, nifanyeje?"

Shikamoo mama. Shughuli za mchana, mahafali na kwaya usiziache, kwaya zetu zina wapiga besi hodari mno. Na watoto wakilala fungua YouTube tafuta rekodi za Tiny Desk au za redio ya KEXP ya Seattle, zote bendi inapiga laivu chumbani hakuna mbwembwe. Chagua jina usilolijua.

"Tuko watatu Nachingwea, gitaa, kinanda na ngoma, nyimbo tunazo saba. Tufanyeje watu watujue?"

Wadogo zangu, kwanza tajeni jina. Mwanzo wa shoo, katikati, mwisho. Kisha liandikeni kwenye kitambaa mkitundike nyuma ya mpiga ngoma ili kila atakayerekodi kwa simu aondoke na jina lenu ndani ya video. Hapo najua nasema nini, mtaona chini.

Hizo saba msizitoe siku moja. Toeni moja, zingine zipigeni laivu watu waziulizie, mkiona ipi inaulizwa zaidi ndo inafuata, na tarehe mkiisema stejini muishike. Jisajilini BASATA, baraza la sanaa, na nyimbo mzipeleke COSOTA, watu wa hakimiliki, mapema, kabla hamjagombana kwa hela.

"Nikiipenda bendi huru niwalipe vipi, maana kusikiliza kwenye simu nasikia hawapati kitu?"

Wanapata kidogo sana, na tangu 2024 Spotify wimbo usiofika mara 1,000 kwa mwaka haulipwi kabisa, hebu fikiria bendi ya Newala. Bandcamp ni nzuri kwa bendi za nje na za kwetu zilizopo mule, unanunua albamu na sehemu kubwa ya hela inafika kwao, tena kuna Ijumaa maalum walizozianzisha Machi 2020 ambazo mtandao wenyewe hauchukui makato yake. Ila sisi tuna njia yetu ya zamani na haijashindwa, nenda katunze. Bibi zetu kwenye taarabu walinyanyuka na noti wakaenda mpaka mbele wakacheza wakatunza. We nyanyuka hivyo hivyo kwa vijana wa gitaa, kama huna noti omba lipa namba yao.

"Kuna bendi uliyoisikia ukaipoteza?"

Ipo, na inaniuma. Mikindani, harusi, bendi ya vijana watatu na dada mmoja anapiga besi, walipiga wimbo una mwendo wa mapiko lakini taratibu, kama mtu anatembea na mzigo kichwani, na yule dada akaimba Kimakonde beti moja kisha Kiswahili. Wazee wawili walinyanyuka wakaenda kusimama karibu na spika hawakucheza, walisikiliza tu. MC usiku kucha akawa anawaita "vijana wetu". Nikajisemea ntawauliza wakimaliza, nikaenda kula, narudi vyombo vimeshapakiwa kwenye kenta wanakata kona. Mwenye harusi alinambia waliletwa na mpishi, mpishi akasema waliletwa na mtu wa maturubai, mtu wa maturubai kabadilisha namba.

Dada wa besi alikuwa mrefu, gitaa lake jekundu limefungwa utepe mweusi shingoni. Mwenye kuwajua aniandikie, hata jina tu.